Kondoo wa Mimba Isiyokuwepo

Mwanamke mmoja alibisha hodi Jumanne, siku ya soko, saa nne asubuhi, akiwa ameshusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Wewe ndiye mwalimu wa ndengu?"

Nilicheka. Hilo ndilo jina walilonipa akina mama wa Siakago tangu nianze kuwafundisha habari za miili yao kwa sinia na punje. "Ndiye mimi. Karibu, dada."

Hakuingia. "Kwanza niahidi. Hakuna mtu atajua nilikuja hapa."

"Hakuna mtu atajua."

"Hata mama akikuuliza?"

"Hata mama. Hata askofu."

Nilisema kwa wepesi, kama unavyomwahidi jirani kwamba utamletea kiberiti ukienda dukani. Laiti ningejua.

Kwa msomaji anayenikuta leo: naitwa Mukami, nimehitimu ualimu wa biolojia. Mwaka jana niliolewa na Kithinji, huko Meru juu, kwenye chai. Tulikubaliana tusipate mtoto mpaka niajiriwe. Yeye mwenyewe alinipeleka kliniki nikadungwa sindano ya miezi mitatu. Alinishikia mkoba.

Siku zangu zikakoma, kama zinavyokoma kwa wanawake wengi wanaodungwa. Mama yake akahesabu miezi, akapiga vigelegele, akafunga kondoo nyuma ya jikoni. Kwao mke akishika mimba, kondoo dume hufungwa na kulishwa majani ya viazi vitamu mpaka anenepe, ili mafuta yake yampe nguvu mama akishajifungua.

Nilipaswa kusema siku hiyo hiyo. Sikusema, na hapa ndipo ninapoona haya. Mama mkwe alikuwa ameanza kuniita binti yangu. Aliniletea uji hadi kitandani. Nikaacha kurudi kliniki, nikitumaini kwamba mimba ya kweli itakuja haraka iufunike uongo wangu.

Mimba haikuja. Iliyokuja ni damu. Mama akaona nguo kwenye beseni, akapiga mayowe kwamba nimetoa mimba. Mbele ya wazee wa kanisa nikaeleza habari ya sindano. Wote wakamgeukia Kithinji.

"Sindano gani?" akasema.

Maneno mawili tu. Jua halikuzama kabla sijafukuzwa na begi moja. Sasa naishi kwenye nyumba aliyoniachia nyanya yangu, na shule ya wasichana hapa karibu imekataa kunipa darasa. Mwalimu mkuu aliniambia waziwazi, "Leta barua kutoka kanisa la Meru inayosema huna kosa, uje ufundishe kesho yake." Barua hiyo nimeiomba mara tatu. Mara tatu sijajibiwa.

Hayo yote mgeni wangu hakuyajua. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akavua kitambaa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja hivi, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Naitwa Karwirwa. Nimetoka mbali, kwa sababu huko kwetu hata mhudumu wa kliniki ni binamu ya mtu. Mwalimu, mimi nimeona miezi mitano bila damu. Sijui kama nina mimba ama damu imejaa tumboni inaoza."

"Unatumia nini?"

Akatazama mlango. "Sindano. Ya kwanza nilidungwa mwezi wa pili, kabla ya kuolewa. Ya pili mwezi wa tano. Bwana yangu hajui. Nilitaka nimalize kwanza kozi ya ushonaji."

Nikashusha sinia. Nikapanga punje ishirini na nane za ndengu kwa mviringo.

"Mwalimu, mimi niliachia darasa la nane. Usinipeleke mbali."

"Hatuendi mbali. Huu ni mwezi wako, kila punje siku moja. Wengine wana punje chache, wengine zaidi, na si kosa." Katikati nikanyunyiza unga wa mtama. "Na hiki ni chumba cha mtoto. Kila mwezi mwili hukitandika, utando juu ya utando, kama kitanda cha mgeni." Nikaweka punje moja nyekundu ya kunde karibu na ndengu ya kumi na nne. "Hili ni yai. Hutoka kwenye kifuko chake siku kama hizi. Likikutana na mbegu ya mwanamume, mgeni amefika. Lisipokutana, matandiko yanatolewa." Nikaufagia unga kwa kidole. "Hiyo ndiyo damu yako."

"Sasa sindano?"

Nikaitoa ile kunde, nikaiweka mkononi mwake. "Sindano huambia mwili usitoe yai. Ute wa njia ya uzazi nao huwa mzito, mbegu hazipiti. Na chumba hakitandikwi tena vizuri." Nikapitisha kidole juu ya sinia tupu. "Fagia."

Akafagia. Akatazama kidole chake. "Hakuna kitu."

"Ndiyo maana huoni damu. Haijajaa popote. Haikutengenezwa. Wengine huona matone matone hovyo, wengine hawaoni kabisa. Ukiacha, yai litarudi, lakini usitarajie wiki ijayo. Baada ya sindano hii mwili unaweza kuchelewa hata miezi kumi, hata mwaka."

Alivuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo sina mimba?"

"Hilo ndengu haziwezi kukuambia. Nenda kliniki wapime mkojo. Mimi ni mwalimu, si daktari."

Alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akaanza kulia. "Nitamwambia nini mama? Ameshafunga kondoo."

Mkono wangu ulisimama juu ya sinia.

"Kondoo gani?"

"Wa kunenepeshwa. Tena ni yule mzee, ana sikio limepasuka, anakula kama mbunge. Mama anasema alimfunga kwa sababu ya mke wa kwanza, halafu huyo mwanamke akatoa mimba. Anasema kondoo amemsubiri mwanamke wa maana."

Sikio la kushoto. Alilirarua kwenye seng'enge wiki ya kwanza, nami nikalipaka dawa kwa mkono huu ninaoandikia.

"Bwana yako," nikasema polepole, "ni mtu wa namna gani?"

"Kithinji? Mpole sana. Haongei mbele ya mama yake."

Mpole sana! Nikainuka nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa meza mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nimeomba kwa miezi saba Mungu anionyeshe haki. Sikufikiri angeileta mlangoni imevaa kitambaa cha kichwa.

Niliporudi nilikuwa nimetulia kabisa.

"Wanawake wanakuja lini na kuni na uji?" Nilijua desturi yao ya kumpongeza mjamzito.

"Jumamosi ya wiki ijayo. Kama thelathini."

"Basi nenda kliniki, ujue ukweli. Lakini usimwambie mtu nyumbani. Ngoja mpaka Jumamosi, wageni wakishajaa. Mbele ya watu mama hatakupiga."

Msomaji, nilimpa msichana huyo ushauri wa kweli kuhusu mwili wake na ushauri wa uongo kuhusu mdomo wake. Sikuwa namhurumia. Nilitaka wanawake thelathini wasimame kwenye ule uwanja na mizigo ya kuni mgongoni, kondoo akitafuna, na wasikie kwamba hakuna mimba, kwamba haikuwapo hata mara ya kwanza. Nilitaka mama mkwe atafute pa kuweka macho yake. Nilitaka mtu amuulize Kithinji kuhusu sindano, na safari hii akose maneno hata mawili.

Kwamba Karwirwa angekuwa amesimama katikati yao, hilo nililiona. Nililiona vizuri. Nikampa chai akaondoka.

Siku kumi nilikula hasira asubuhi na jioni. Nikipalilia, nilikuwa napalilia Meru. Nilianza hata kufanya mazoezi ya uso nitakaoweka habari zitakaponifikia: uso wa mshangao wa mtu mwema.

Ijumaa, siku moja kabla ya ile sherehe, Karwirwa akarudi. Alivua viatu vyake mlangoni, viatu vyekundu vya plastiki vyenye ua juu, akaingia akitabasamu.

"Walipima mara mbili. Sina mimba. Sista wa kliniki amenieleza vile vile ulivyonieleza, isipokuwa yeye hana ndengu." Akanishika mkono. "Mwalimu, siwezi kungoja kesho. Nataka nimwambie mama leo, tukiwa wawili. Ni mkali, lakini ameniletea uji mpaka kitandani. Nitamwaibishaje mbele ya watu?"

"Ngoja kesho," nikasema.

"Lakini..."

"Nimekwambia ngoja kesho!"

Akashtuka. Kisha akasema kwa upole, "Sawa. Wewe unajua. Wewe ni mtu mzuri, Mwalimu."

Neno hilo lilikuwa bado masikioni mwangu tuliposikia gari. Pikapu nyeupe ilikuwa inaingia uani, vumbi nyuma yake, na ndani ya boksi la nyuma kondoo dume mnene amefungwa miguu. Sikio la kushoto lilikuwa vipande viwili.

Karwirwa alichungulia, akabadilika rangi. "Wamenifuata! Uliahidi, Mwalimu. Uliahidi."

Nikamsukuma nyuma ya pazia la chumba changu cha kulala. Sijui kwa nini. Mkono ulitangulia akili.

Aliingia mama mkwe, na nyuma yake Mzee Muthamia, katibu wa kanisa, ameshika bahasha. Kithinji alibaki kwenye kiti cha mbele cha gari, anatazama usukani ambao hata si yeye aliyeushika njiani.

Mama mkwe hakunisalimu. Alitazama sinia mezani.

"Bado unafundisha watu kuhesabu maharagwe?"

"Ni ndengu, Mama."

"Ndiyo, nilisahau. Huku kwenu hata maharagwe hayakubali." Akaketi pasipo kukaribishwa. "Unajua nimemwoza mwanangu tena."

"Nimesikia."

"Kesho wanawake wanakuja kwangu. Nataka kujua kama nawapikia bure. Msichana huyu ana miezi mitano, tumbo bapa kama meza. Nimemuuliza, analia tu. Nimemuuliza Kithinji, anakohoa." Alivuta leso akapangusa uso, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. "Mwaka jana ulisema kuna sindano ya kuzuia damu ya mwezi. Nikakuita mwongo. Usiku wa juzi... hapana, sitaki kukudanganya, ni siku nyingi sasa, nalala nikijiuliza. Wanawake wawili, nyumba moja, kitu kimoja. Leo asubuhi ametoka anasema anaenda kwa shangazi yake anayeuza mitumba hapa kwenu. Shangazi amesema hajamwona. Na mimi namjua mtu mwingine mmoja tu Siakago."

Mzee Muthamia akaiweka bahasha juu ya meza. "Mukami, mtoto wangu, hii ndiyo barua uliyoiomba. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Mama huyu atasimama Jumapili aseme alikukosea. Na kondoo ni wako, ndiyo sababu tumemleta. Tunataka neno moja tu. Huyo msichana alikuja hapa? Amedungwa?"

"Sema ndiyo," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa karibu kuomba. "Kama yeye amedungwa, basi hata wewe ulikuwa unasema ukweli."

Barua ilikuwa mbele yangu. Niliona muhuri wa rangi ya zambarau kupitia karatasi. Darasa langu lilikuwa ndani ya bahasha hiyo, ubao, chaki, wasichana arobaini wasiojua kwa nini huvuja damu. Jina langu lilikuwa humo.

Na nyuma yangu, hatua nne, pazia. Sikuhitaji hata kusema. Kidole kimoja kingetosha.

Usidhani nilisamehe. Nilimchukia mama huyo alivyokaa, alivyopumua, alivyosema maharagwe. Nilitaka kusimama nivute pazia niseme, huyu hapa, mpelekeni, na kondoo wenu mmle. Nilimchukia hata Karwirwa kwa ule uji wa kitandani, maana ulikuwa wangu.

Lakini nilitazama dirishani nikamwona Kithinji anatazama usukani. Nikajua kwamba nikinyoosha kidole, nitakuwa nimeketi pale alipoketi yeye. Mtu aliniamini, kisha watu wakanigeukia wakauliza. Ningekuwa nimesema "sindano gani" kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "kuhusu mwili wangu, uliza lolote, nitakujibu mpaka kesho. Nilidungwa mara mbili. Mwanao alikuwepo. Sikuwa na mimba, sikutoa mimba. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza ulipofunga kondoo, na kwa hilo nakuomba msamaha."

"Sikuuliza habari zako!"

"Za mtu mwingine sina."

"Alikuja au hakuja?"

Nimelelewa kutosema uongo. Hata ualimu wangu niliuanza kwa kiapo hicho. Nikamtazama machoni.

"Hakuja."

Mzee Muthamia aliichukua bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alifanya hivyo polepole, kama anayenipa nafasi. Sikuichukua nafasi hiyo.

Mama mkwe akainuka. "Basi ulikuwa mwongo mwaka jana, na leo umeniongezea." Sauti ilikuwa imerudi ile ya zamani. "Twende, Mzee. Kondoo arudi kwao. Kesho tutapika."

Walifika mlangoni. Hapo akasimama.

"Hivi viatu ni vya nani?"

Viatu vyekundu, ua juu, vimekaa pembeni ya malapa yangu kama watoto wawili waliosahauliwa shuleni.

"Vyangu," nikasema.

"Vyako."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilimnunulia mtu viatu kama hivi Meru, wakati wa Pasaka."

"Hata hapa sokoni vinauzwa."

Alinitazama kuanzia kichwani kushuka, bila haraka. "Vivae basi. Utusindikize mpaka kwenye gari. Au watu wa huku hawasindikizi wageni?"

Nikainama. Mguu wangu uliingia nusu, ukakwama. Nikasukuma. Plastiki ililia, kisigino kikabaki nje kimening'inia, kikakanyaga ukingo. Nikaingiza na wa pili. Machozi yalinitoka, nami nikatabasamu juu yake.

"Vinakubana?" mama mkwe akauliza.

"Ni vipya."

"Tembea."

Nikatembea. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pikapu ni hatua ishirini na tatu. Nilizihesabu kama punje. Kwenye hatua ya tisa ngozi ya kidole gumba ilichanika. Kwenye ya kumi na tano nilihisi unyevu. Sikuchechemea. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mama mkwe, na mbele yangu kondoo aliinua kichwa, akanitambua, akalia.

Nilisimama kando ya dirisha la Kithinji, mkono juu ya mlango wa gari ili nisianguke.

Aliinua macho kutoka kwenye usukani kwa mara ya kwanza. Hakuutazama uso wangu. Alitazama chini.

Mtu huyu anajua miguu yangu. Alikuwa akinitania kwamba ni namba arobaini na moja, kwamba baba yangu alitakiwa kuniuza kwa wajenzi nikawakanyagie matope. Na viatu vile, vidogo, vyekundu, alikuwa ameviona asubuhi hiyo vikitoka kwenye mlango wake mwenyewe.

Aliona damu kwenye plastiki. Akanitazama usoni.

"Kithinji," mama yake akasema nyuma yangu, "wewe ulikaa na huyu mwanamke mwaka mzima. Hivi ni viatu vyake?"

Mbele ya mama yake, mwanamume yule asiyesema akafungua mdomo. "Ni vyake," akasema, maneno mawili tu.